Kompyuta ya nyumbani imezeeka: kuifufua, kununua ya okazyo (iliyotumika), au kununua mpya?

Kompyuta yetu ya mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, ilinunuliwa mwaka 2011: mnara mweusi (sanduku la kusimama), skrini ya inchi 17, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2, Windows 7. Papa, yaani baba yangu, ambaye wakati ule alikuwa bado anafundisha, aliifunika kwa kitambaa cha kufumwa kila jioni ili vumbi jekundu la kiangazi lisiingie. Wadogo zangu wawili waliandikia TFC zao (kazi za kumaliza masomo ya chuo) pale, na mimi ndipo nilipojifunzia kazi inayonilisha mpaka leo, ya kuchapa na kupanga karatasi za wanafunzi. Ilipofika miaka kumi na miwili, ulikuwa unaiwasha, unakwenda kuweka maji ya bukari (ugali) motoni, unarudi, na kile kiduara bado kinazunguka.

Tangu hapo zimeingia nne kwenye ukoo wetu na kwa majirani wa karibu. Moja ilifufuliwa, moja ni laptopu ya okazyo, moja ni mpya kutoka kwenye kartoni, na moja ni ndogo ya mezani. Zote nimezigusa, na mbili kati yake nililipa mimi. Hakuna iliyozishinda nyingine katika kila jambo. Ile iliyomfaa mmoja ilimkwaza mwingine, na sababu zake ndizo ninazotaka kumwekea mtu anayesimama dukani mjini, dola mkononi, asijue ashike ipi.

Imechoka au imezeeka?

Kompyuta iliyochoka ni polepole, na mara nyingi inatibika kwa kipande kimoja tu. Iliyozeeka ni ile ambayo mfumo wake haupati tena marekebisho ya usalama. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nyongeza ya mwaka mmoja ambayo Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 mwisho wake ni Oktoba 2026. Siku hizo zikifika kompyuta haizimiki. Inaendelea kuwaka kama jana, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Dalili zinakuja taratibu. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwa wenye Windows 7, mwaka 2023. Baada ya hapo ukurasa mmoja unakataa kufunguka, kesho mwingine. Tena kuna flashi. Hapa kwetu kila faili hupita kwenye sekretaria publike (duka la kuchapisha) ili ichapishwe, na flashi ikirudi kutoka huko imebeba wageni, yaani virusi: folda zimegeuka njia za mkato, kazi ya mwanafunzi haionekani. Mfumo ulioachwa hauna kinga mbele ya mambo hayo. Nimeona dada mmoja wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, akilia kwa sababu ya kurasa 60 alizoandika kwa miezi mitatu. Tulizipata, zilikuwa zimefichwa tu, lakini usiku ule hakulala.

Vipimo vyangu, kabla ya bei

Kila chaguo nitalipima kwa mambo yaleyale matano: umeme, pesa, kazi, kuzoea na ufundi.

Umeme nauweka mbele makusudi. Mnara wa zamani pamoja na skrini yake hula kati ya wati 100 na 150. Laptopu ikiwa kazini hula kati ya 15 na 40. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, mnara unakufa papo hapo na sentensi uliyokuwa unaiandika, wakati laptopu inaendelea kwa bateri yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu tazama chaja ya laptopu: imeandikwa 100–240 V. Maana yake jioni umeme unaposhuka kwa sababu mtaa mzima umewasha majiko, laptopu bado inachaji. Minara mingi ya zamani haina uvumilivu huo. Inajizima na kujiwasha. Baadhi yake ina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Watoto wasiiguse kamwe. Ikiwekwa 115 kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko.

Pesa ninayoihesabu ni jumla: kompyuta, onduleri (kifaa chenye bateri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) kama inahitajika, kipande kinachokosekana, na megabaiti za kupakua marekebisho ya wiki ya kwanza, ambazo watu husahau. Kazi ni swali fupi: unaandika tu, au unachora ramani za majengo na kukata video za harusi? Ufundi ni kujua nani atakayeifungua ikiharibika, na kama kipande chake kinapatikana hapa Lubumbashi au ni cha kuagiza.

Kuzoea ndicho kipimo ambacho muuzaji hatakuuliza. Nani atakaa mbele yake kila siku? Amezoea nini? Mtu wa miaka 70 aliyejifunza kompyuta moja katika maisha yake hapaswi kupewa nyingine kama anayebadilishiwa sahani.

Chaguo la kwanza: kuifufua ile ya zamani

*Pesa.* Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Kwa mnara wa Papa nililipa dola 48: SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, RAM ya kuongezea ya GB 4, na kazi ya fundi. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida hufika karibu 500. Hiyo ndiyo tofauti ya maji ya bukari. Sasa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

*Kazi.* Mwili umepona, lakini roho lazima ibadilike. Windows 11 haitaikubali: inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia takriban kizazi cha nane. Wako mafundi wanaoilazimisha kwa ujanja. Mimi sishauri, kwa kuwa Microsoft haiahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata marekebisho, na ulilokuwa unalikimbia litakuwa limerudi kwa mlango wa nyuma. Badala ya Windows tuliweka Linux Mint 22, ambayo ni bure, ina menyu za Kifaransa, na itapata marekebisho hadi mwaka 2029. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, ukaona kama skrini, sauti na printa vinaitikia, ndipo uamue. LibreOffice inayokuja nayo inafungua faili za Word, ila majedwali na kurasa za mbele za TFC wakati mwingine hupinda. Kwa barua, orodha na hesabu za nyumbani hutaona shida. Kwa AutoCAD au Photoshop, usiingie njia hii.

*Umeme.* Hapa haijabadilika. Bado ni mnara, bado inataka onduleri. Ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri, zaidi ya hapo usitegemee.

*Kuzoea.* Skrini ni ileile, kibodi ileile, kiti kilekile, na hilo lina uzito kuliko nilivyodhani. Papa huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, hii si mashini yangu." Nikamwekea ikoni mbili tu kwenye skrini: orodha ya likelemba (mchango wa zamu), na folda ya nyimbo za kwaya. Siku ya nne aliniita tena, safari hii kunionyesha kwamba ameweza kukuza herufi peke yake.

*Ufundi.* RAM za aina ya DDR3 na power supply (kipande cha kuipa mashine umeme) hupatikana kutoka kwenye minara iliyokufa, na fundi yeyote anaijua. Kwa Linux, uliza kabla. Si kila fundi anaishika, na wengine watakuambia "tukurudishie Windows" kwa sababu ndiyo wanayoijua wao.

Inamfaa mwenye kazi nyepesi, mwenye dola chache, mwenye mashine isiyo na historia ya kuungua, na nyumba yenye mtu mmoja wa kusaidia wiki ya kwanza.

Chaguo la pili: laptopu ya okazyo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoishia na ndipo palipo na mitego.

Laptopu za okazyo zinazofika Lubumbashi, ziwe zimepita mpakani Kasumbalesa au zimekuja kwa ndege, nyingi zilikuwa za maofisi: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Zilijengwa kwa kazi ya kila siku, zinafunguka kwa skrubu, na nyingi zinakubali kuongezewa RAM na SSD. Kwa pesa inayonunua laptopu mpya dhaifu, unapata ya okazyo yenye nguvu zaidi. Hilo ni kweli, na ndiyo maana nilinunua mimi mwenyewe.

*Pesa.* Bei hupangwa kwa neno moja, "Core i5", nalo peke yake halisemi kitu. Angalia namba inayofuata. i5-4300U ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013. i5-8350U ni kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. i5-10210U ni cha kumi, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Muuzaji atakuambia, "Yaya, zote i5, zote sawa." Si sawa. Chini ya kizazi cha nane unanunua mashine ambayo Windows 11 rasmi haiitambui, yaani unatoa pesa kuondoa mzee mmoja na kuleta mwingine. Ukitaka kuiwekea Linux, sawa, lakini basi bei ishuke.

*Umeme.* Ndiyo sababu kubwa ya kuipenda, mradi bateri iwe hai. Usiamini asilimia mia inayoonekana pembeni. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayoundwa. Humo kuna uwezo wa bateri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa ilikuwa 50,000 na leo ni 20,000, imebaki na asilimia 40. Saa nne zimekuwa saa moja na nusu. Bado unaweza kuichukua, ila punguza bei ya bateri mpya kwanza. Chaja nayo iwe yake halisi. Chaja za kuiga hupata moto, na nimeona moja imeyeyusha kitambaa cha meza.

*Kazi.* Kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha kuchapa, kufanya hesabu kubwa, kuhudhuria darasa la video, na hata kukata video fupi. Kwa TFC na mémoire ninazopanga, sijawahi kuhitaji zaidi.

*Ufundi, na mtego ulioniuma.* Ya kwanza niliyonunua ilikuwa nzuri kwa wiki mbili. Nilipoifuta ili nianze upya na kuiunganisha kwenye intaneti, ikaniomba barua pepe ya kampuni ya Ulaya ambayo sijawahi kuisikia. Ilikuwa bado imeandikishwa kwa wenyewe, na kila ikifutwa inarudi kuwaita. Niliirudisha dukani. Hawakukubali kunirejeshea pesa, walinibadilishia, na nikaongeza dola 30. Tangu siku hiyo simshauri mtu alipe kabla mashine haijafutwa na kuwashwa upya mbele yake, ikiwa imeunganishwa kwenye intaneti ya simu yake mwenyewe, mpaka ifike kwenye skrini kuu. Inachukua karibu saa nzima. Kaa. Baada ya hapo iwashe ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine). Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, iache palepale. Jaribu pia kila kitufe, kamera, tundu za USB zote na bawaba za kifuniko.

*Kuzoea.* Kibodi! Sisi tumezoea mpangilio wa herufi wa AZERTY. Laptopu zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina AZERTY, ingawa hata hizo mbili hazilingani: alama ya @ kwa Wafaransa iko kwenye kitufe cha 0, kwa Wabelgiji iko kwenye 2. Zilizotoka Uingereza au Dubai ni QWERTY, za Ujerumani ni QWERTZ. Kwa mwandishi wa Kiswahili hilo si dogo, kwa maana A ndiyo herufi tunayoigonga kuliko zote, na W na Z ndizo zinazobeba "wa" na "za". Vidole vya AZERTY juu ya QWERTY huandika "watu wa Katuba" hivi: zqtu zq Kqtubq. Unaweza kuiambia Windows itumie mpangilio wa Kifaransa na kubandika vibandiko vya herufi juu ya vitufe. Anayechapa bila kutazama hatahitaji hata vibandiko. Anayetazama vitufe, kama Papa, atateseka mpaka vibandikwe, na vibandiko vya bei ndogo hutoka baada ya miezi michache.

Inamfaa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU, mchapaji, mwalimu, mtu yeyote ambaye kazi yake haiwezi kusimama umeme ukikatika, na ambaye ana subira ya kukagua au ana rafiki mwenye subira hiyo.

Chaguo la tatu: laptopu mpya

Shemeji yangu alichagua hii, na sababu yake naiheshimu: hana muda wa kukaa saa nzima dukani akisoma namba za prosesa.

*Pesa* ni kubwa zaidi kwa nguvu unayopata, na ndani ya neno "mpya" kuna viumbe wawili tofauti. Wa kwanza ni yule wa bei ya kuvutia: prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows 11 yenyewe hula sehemu kubwa ya hizo 64, na marekebisho makubwa yakija yanakosa pa kukaa. Ni mpya, inang'aa, na ndani ya mwaka mmoja inakuwa polepole kuliko laptopu ya okazyo ya umri wa miaka saba. Wa pili ana RAM ya GB 8 au zaidi, SSD ya GB 256 au 512, prosesa ya Core i3, i5 au Ryzen. Huyo ndiye mpya wa kweli. Kama dola zako hazimfikii, sioni haya kusema rudi kwenye okazyo.

*Umeme:* bateri haijatumiwa na mtu, na baadhi huchaji kwa USB-C, jambo jema kwa mwenye paneli ya jua na bateri nyumbani.

*Kazi:* ile ya pili hufanya yote ya nyumbani na ya ofisi. Angalia tu kama imekuja katika hali inayoitwa S. Ikiwa hivyo itakataa programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft. Kuitoa kwenye hali hiyo ni bure, hufanyika mara moja, na haina kurudi.

*Kuzoea:* Windows 11 toleo la Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza. Andaa megabaiti na barua pepe, na neno la siri uliandike kwenye daftari. Shemeji alitengeneza akaunti kwa haraka, akasahau neno la siri, na alihitaji siku mbili kurudi ndani ya mashine yake mwenyewe.

*Ufundi:* garantia ni nzuri ikiwa duka liko hapa na limeandika muda wake kwenye risiti. Garantia ya nchi nyingine, kwa mtu wa Lubumbashi, ni karatasi. Na nyingi za bei ndogo hazifunguki kirahisi wala haziongezwi kitu.

Inamfaa mwenye kipato cha uhakika, anayetaka miaka mingi bila kuwaza, na asiyependa historia ya mwingine.

Chaguo la nne: kompyuta ndogo ya mezani, ya okazyo

Hii wengi hawaijui. Ni zile sanduku ndogo za maofisi, nyingine si kubwa kuliko kamusi nene, zenye prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Jirani yangu aliweka moja sebuleni kwa ajili ya watoto wanne. *Bei* yake ilikuwa chini ya laptopu ya nguvu ileile, kwa kuwa tayari alikuwa na skrini, kibodi na mausi. Ongeza adapta tu: skrini za zamani zina tundu la VGA, na sanduku hizi mara nyingi zina la DisplayPort. *Umeme* inakula kidogo, karibu sawa na laptopu ukiacha skrini, hivyo onduleri ileile inaishikilia muda mrefu zaidi kuliko mnara. Lakini bila onduleri inakufa kama mnara. *Kazi* inafanya sawasawa na laptopu ya kizazi chake. *Kuzoea* ni rahisi kwa mtu wa mezani, kwani anabaki na kibodi yake ya AZERTY. *Fundi* anaifungua kwa skrubu moja au mbili, ila power supply yake ina umbo la pekee, kwa hiyo hakikisha imekuja na yake.

Haitembei. Kwa jirani hilo ndilo alilolitaka: haiendi shuleni, haianguki kitandani, na watoto wanafanya kazi zao mbele ya macho ya mama yao.

Wiki za kwanza na mgeni

Hamisha vitu kabla ya kuizima ile ya zamani kwa mara ya mwisho. Hata kama haiwaki, diski yake inaweza kutolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, ikasomwa kama flashi kubwa. Tafuta kwenye folda zilizosahaulika pia. Picha za ubatizo wa mdogo wangu wa mwisho zilikuwa ndani ya folda iliyoitwa "nouveau dossier 7".

Intaneti inahitaji kufungwa mkanda. Kwenye Windows ya Kifaransa, ingia kwenye mtandao uliounganishwa na uwashe "connexion limitée". Mfumo utapunguza kupakua mambo makubwa bila ruhusa yako. OneDrive nayo hupenda kubeba folda zako hadi hifadhi ya Microsoft ya kwenye intaneti na kurudi, kwa megabaiti zako. Kama huihitaji, isimamishe siku ya kwanza. Baada ya hapo chagua usiku mmoja kwa mwezi wenye kifurushi kizuri, na uruhusu marekebisho yote yashuke.

Kwa anayetoka Windows 7, kinachochanganya zaidi katika Windows 11 ni kitufe cha kuanzia kuhamia katikati. Kinaweza kurudishwa kushoto kwenye mipangilio ya upau wa kazi. Fanya hivyo kabla mzee hajakaa, wala usimweleze. Ongeza ukubwa wa maandishi, futa ikoni zisizo zake, na mwachie kazi moja aliyokuwa anaifanya kila siku. Mpe ya pili wiki inayofuata.

Printa ya zamani ijaribu mapema. Kwenye Linux, HP nyingi huitikia zenyewe. Baadhi ya printa za bei ndogo za chapa nyingine hukataa kabisa, na ni afadhali ulijue kabla mwanafunzi hajasimama mlangoni na tarehe ya kuwasilisha kesho.

Ile ya zamani usiigawe kabla ya mwezi mmoja. Kuna faili utakayoikumbuka siku ya ishirini na tano. Ukiamua kuitoa, futa diski kwanza. Na kama imekufa mpe fundi, atatumia vipande. Nyaya zisichomwe uani kutafuta shaba. Moshi ule watoto wanauvuta.

Kulingana na hali yako

Kama una chini ya dola 60 na mashine inawaka, weka SSD na Linux, jipe mwaka mmoja au miwili, huku ukidunduliza likelemba kwa ajili ya laptopu.

Kama una TFC ya kumaliza na mtaa wako hukaa gizani nusu ya wiki, tafuta laptopu ya okazyo ya kizazi cha nane au zaidi, yenye bateri uliyoipima mwenyewe. Nenda asubuhi, ukiwa na simu yenye megabaiti, na usikubali kuharakishwa.

Kama kazi yako ni michoro au video na wateja wanalipa, kusanya hadi upate mpya yenye RAM ya GB 16, au ya okazyo ya daraja hilohilo. Kati yake na Celeron mpya, afadhali usubiri.

Kama ni nyumba ya watoto wengi na skrini tayari ipo, sanduku dogo la mezani pamoja na onduleri.

Kama umeme wako ni wa paneli, laptopu yoyote kati ya hizo itakaa vizuri. Mnara utamaliza bateri zako kabla ya saa mbili usiku.

Na kama atakayeitumia ni mzazi wako, mwite aje naye dukani. Mwache aguse vitufe, asome skrini bila wewe kumsogezea, aandike jina lake. Papa alikataa laptopu mbili kwa namna hiyo kabla hatujaamua kuufufua mnara wake. Ya kwanza, alisema, herufi zake zimelala. Ya pili ilimlazimisha kuinamisha shingo. Jumapili iliyopita alichapa mistari ya kwaya kurasa tatu, akazihifadhi mwenyewe, akafunika mnara kwa kitambaa chake.